Kichekesho cha Bibi Harusi na Mama Mkwe cha Mwaka 1968: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa vikundi vya maigizo vya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe: vya shule, vya vyuo, vya vijana wa kanisani, na vile vinavyoshuti kwa simu. Wote wanataka kitu kimoja, kichekesho cha mapenzi cha enzi za babu ambamo bibi harusi kafika ukweni na mama mkwe kamsubiri mlangoni. Ili majibu yasielee hewani, tunatumia hadithi moja ya kubuni. Rehema ni binti wa Muheza, Tanga. Ameolewa na Daudi, mwalimu wa shule ya msingi, na sasa anapanda basi kwenda kuishi kwao Daudi, kijijini nje ya Iringa.

Kwa nini 1968, na si "zamani" tu?

Kwa sababu "zamani" haina bei, haina redio, haina basi. Ukishachagua mwaka, vitu vinajipanga vyenyewe. Mwaka 1968 Azimio la Arusha lina mwaka mmoja, kwa hiyo mwalimu na balozi wa nyumba kumi wanaitana "ndugu" kila baada ya sentensi mbili. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Sarafu ya senti 50, ambayo watu waliendelea kuiita sumni, ina sungura, na senti 20 ina mbuni. Zile sarafu za kikoloni zenye tundu katikati bado zimo kwenye fundo la kanga ya bibi. Redio ni Radio Tanzania Dar es Salaam, jina lililoanza 1965. Kiwanda cha Urafiki kimefunguliwa mwaka huohuo wa 1968, basi kanga ya Urafiki ni fasheni mpya kabisa na Rehema ana haki ya kuringa nayo.

Kuna zawadi nyingine kwa mwandishi. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia zikapigwa vita Dar es Salaam. Wifi wa Rehema anayeota kwenda mjini na sketi iliyopunguzwa kwa sindano usiku ana kesi tayari, na mama mkwe ana serikali upande wake.

Hadithi iwe na wahusika wangapi, na ichukue muda gani?

Saba wanatosha: mama mkwe, Rehema, Daudi, baba mkwe, wifi, mshenga na balozi. Ukurasa mmoja wa maandishi yaliyoachana vizuri huenda dakika moja jukwaani, basi kurasa 60 ni saa nzima. Kichekesho kikizidi dakika 75 bila mapumziko, watu wa nyuma wanaanza kutafuta viatu. Mazoezi ya wiki sita, mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara, yanaleta saa 36. Wiki mbili za mwisho fanyeni na vyombo halisi mkononi. Mwigizaji aliyezoea kushika hewa atamwaga uji siku ya onyesho.

Tumesikia kuhusu "kisa cha mbuzi". Kinafanyaje kazi?

Hiki ndicho uti wa mgongo wa igizo, basi tukae nacho kidogo.

Rehema anasafiri na mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno. Kabla ya safari anapeleka telegramu kwa Daudi. Telegramu ililipiwa kwa hesabu ya maneno, na Rehema ni mtu wa kubana senti, kwa hiyo anakata kila neno linalokatika. Inayofika shuleni inasomeka hivi: NAWASILI IJUMAA NA MBUZI REHEMA. Daudi yuko semina mjini. Mwalimu mkuu anamsomea mama yake.

Mama mkwe anaelewa mambo mawili. Kwanza, mkamwana anakuja na mbuzi, jambo la heshima kubwa. Pili, mbuzi anaitwa Rehema. Kufikia Ijumaa ameshajenga kizizi, ameshawatangazia majirani, na baba mkwe ameshanoa kisu.

Kinachoharibu kisa hiki kwa vikundi vingi ni upatanisho wa kisarufi. Mnyama ni "mbuzi wangu", kifaa ni "mbuzi yangu". Ukimwandikia Rehema "mbuzi wangu" umemdanganya mtazamaji, na atakukasirikia baadaye. Ukiandika "mbuzi yangu" mapema umefichua siri. Telegramu inakuokoa kwa sababu maneno yake yamesimama pekepeke, hayana viambishi vya kuwasaliti. Kisha, siku ya kufika, acha sarufi yenyewe ipasue bomu:

"Karibu, mwanangu. Mbuzi yuko wapi?"
"Hii hapa, mama."

Baada ya "hii" mtu asiseme neno. Rehema anafungua kanga, anakunjua kigoda, anakiweka chini, anakikalia. Mama mkwe anatazama kigoda, anatazama kizizi, anawatazama majirani. Hesabu kimoyomoyo hadi nne. Baba mkwe anarudisha kisu alani polepole. Kicheko kitakuja bila mtu kukisukuma. Swali la mama mkwe likija baada yake ("Na ndiyo yenye jina?") kitakuja cha pili.

Mama mkwe awe mkali kiasi gani?

Mkali, lakini awe na haki. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mama mkwe anayetukana kuanzia anapoingia hadi anapotoka. Dakika ya kumi watu wamemchoka. Huyu wetu amejenga kizizi kwa mikono yake na kuaibika mbele ya kijiji kizima, basi ana sababu. Mpe kanuni zake, aziamini, aziseme kwa adabu. Ugomvi wao upite kwenye vitu: mafiga, debe, kanga, chungu. Watu wa huku hawapigani kwa kelele. Mama anaweza kukuvunja kwa kuokota ufagio na kufagia pale ulipomaliza kufagia wewe.

Lugha ya kuitana ni kipimo kizuri. Akiwa radhi anasema "mwanangu". Akikereka kidogo, "mke wa Daudi". Akikasirika anaongea na kuku: "Kuku wangu, hapa nyumbani wapo watu hawajui kuamka." Rehema yeye asibadilike hata siku moja. Ni "mama" mwanzo mpaka mwisho, na shikamoo kwa kupiga goti. Goti la kwanza analisahau, anaamkia akiwa wima kama alivyozoea, na mama mkwe haitikii mpaka goti liguse chini. Hiyo peke yake ni dakika nzima ya kuchekesha bila maneno.

Tunataka tukio la kupika. Rehema akosee nini, wakati watu wa pwani wanajulikana kwa kupika?

Ndiyo maana akosee. Mpishi mbovu akiunguza chakula hakuna cha ajabu. Mpishi hodari akishindwa na maharage, hapo kuna kisa.

Na sababu ipo, ya kweli kabisa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka takribani nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Iringa mjini iko kwenye mita 1,600 hivi, Mbeya mjini karibu 1,700. Huku maji yanatokota kwa nyuzi 95 au pungufu kidogo. Yanachemka kwa mbwembwe zote, mapovu yanaruka, lakini hayana moto uleule. Maharage ambayo Muheza yangelainika kwa saa mbili, hapa yanadai nusu saa na zaidi juu yake. Kuongeza kuni hakusaidii. Maji yakishachemka hayapandi tena joto, yanakauka tu.

Kwa hiyo Rehema anafanya kila kitu sawasawa kwa saa ya Muheza, anapakua kwa kujiamini, na baba mkwe anatafuna. Sauti ya kutafuna ndiyo kichekesho. Tumia punje za mahindi makavu zilizokaangwa ili sauti ifike nyuma ya ukumbi. Mama mkwe hasemi kitu. Anatoa chungu chake cha pembeni, alichokiinjika alfajiri baada ya kuloweka usiku kucha, kimefunikwa sawasawa, chumvi imetiwa mwishoni. Alijua tangu asubuhi.

Wali nao unamsumbua, unatoka na kiini. Ila hapo mpeni Rehema ushindi. Anapalia makaa juu ya kifuniko, mtindo wa kwao, na wali unaiva juu na chini. Mama mkwe anaonja, anasema "haya", anaondoka. Usiku anaonekana jikoni peke yake na koleo, akijaribu kupalia. Tukio hilo lisiwe na maneno hata moja.

Stovu ya mafuta ya taa: tuitumieje bila kuchoma ukumbi?

Jukwaani msiiwashe. Nunueni ya shaba iliyokufa na muingize tochi ndogo yenye nailoni ya bluu. Lakini mwigizaji lazima ajue hatua zake, kwa sababu kichekesho kimo ndani ya hatua hizo.

Tangi linajazwa theluthi mbili. Unafungua kizibo cha hewa, unamimina spiriti kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa cha jiko, unawasha, unasubiri. Kusubiri huko ndiko kunaleta kisa. Spiriti inawaka dakika mbili tatu ikipasha bomba, ili mafuta yakipanda yageuke mvuke. Ikikaribia kuisha unafunga hewa na kupampu polepole, na moto wa bluu unanguruma. Ukipampu mapema, mafuta yanatoka yakiwa majimaji na kulipuka ndimi za manjano zenye moshi mweusi. Tundu likiziba unalichokoa kwa pini yake nyembamba, ambayo siku zote imepotea.

Sasa mtazame mama mkwe. Kwenye mafiga ameshapuliza, ameshapata moto, ameshainjika chai, ameshaimimina, na Rehema bado anasubiri spiriti. "Hilo jiko lako," anauliza akiwa na kikombe mkononi, "linaomba dua kwanza?"

Mkishuti kwa kamera na kuiwasha kweli, iwe uani, ndoo ya mchanga karibu, kanga ya mwigizaji imefungwa kifuani na si kuning'inia, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine akiangalia moto.

Kanga zina nafasi gani?

Kubwa. Kanga inasema usichoweza kusema. Inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kina pindo, mji na jina. Kitenge hakina jina, kwa hiyo hakifai vita hii.

Rehema anatundika kambani kanga yenye jina "Nimekuja kukaa". Mama mkwe hajui kusoma ila anajua kuna neno, maana wifi kacheka. Anakwenda gulioni kutafuta jibu. Amesikia ipo ya "Mgeni siku mbili", na kila mtu anajua siku ya tatu ni jembe. Mwuza kanga ana mbili zinazoanza na Mgeni. Anauliza: "Mama, hii?" Mama mkwe, kwa kuona haya kukiri kwamba hasomi, anatikisa kichwa kukubali. Anarudi nyumbani, anaitundika mbele ya macho ya Rehema, anakunja mikono. Imeandikwa: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Rehema anasoma, machozi yanamlengalenga, anapiga goti mwenyewe bila kuambiwa, anamshika mama miguu. Mama mkwe haelewi hata kidogo. Hapa ndipo igizo linapogeuka, na limegeuka kwa bahati mbaya, jambo zuri kuliko hotuba yoyote ya balozi.

Mtazamaji wa nyuma hawezi kusoma kanga. Mmoja lazima asome kwa sauti, na bora awe baba mkwe, kwa miwani, herufi moja moja. Msitumie kanga za sasa zenye jina linalotaja simu. Kitambaa kiwe pamba. Cha nailoni kinang'aa chini ya taa na hakikunjiki kama cha zamani.

Kuna mapenzi wapi katika haya yote?

Kwenye debe la maji. Debe moja lina galoni nne, kama lita 18, na likijaa uzito wake ni karibu kilo 20 na bati lake. Rehema kazoea kisima cha karibu. Hapa mto uko bondeni. Siku ya kwanza anafika na nusu debe na gauni limelowa, kwa sababu anatembea haraka na maji yanapiga kuta. Wifi anamfundisha: kata ya majani ya migomba au kitambaa kichwani, matawi mabichi juu ya maji kuyazuia yasirukeruke, magoti laini, shingo imara, macho mbele.

Usiku Daudi anakwenda mtoni kwa siri kumjazia mtungi. Mwalimu mzima, na debe kichwani, miaka ile! Anakutana na balozi gizani na kudai anafanya majaribio ya sayansi. Kesho yake mama mkwe anaona mtungi umejaa mpaka mdomoni, anaona na kata imesahauliwa mfukoni mwa koti la mwanaye. Anaitoa, anaikunja, anaitundika ukutani mahali ambapo mwanaye ataiona. Basi. Msiweke busu, wala "nakupenda" ya kunong'onezana. Watu wa 1968 huku hawakufanya hivyo mbele za wazazi, na debe linatosha.

Jukwaani lita tatu zinatosha ndani ya debe, ila siku za kwanza za mazoezi mwigizaji abebe zito kweli, ili shingo yake ikumbuke.

Kihehe tuweke kiasi gani?

Salamu na maneno machache ambayo kitendo kinayafasiri. "Kamwene" watu wa Iringa wote wanaijua, na Rehema akijibu "sijambo" kila mtu anaelewa kilichotokea. Mama mkwe akizungumza sentensi nzima ya Kihehe, afanye huku anaonyesha kitu kwa mkono. Tafuteni mzee asikilize mazoezi. Lafudhi ya kuigizaigiza inaudhi wenyewe, na wenyewe ndio wamekata tiketi.

Sisi tuko Rungwe. Tukiihamishia Unyakyusani, tubadilishe nini?

Mengi, na mtapata faida ambayo Iringa hawana. Salamu inakuwa "ugonile", na "ndaga" inafanya kazi ya asante na ya kuitikia. Chakula kinakuwa ndizi na maziwa, wali unatoka Kyela. Mvua ya Tukuyu hainyeshi kwa ratiba, kwa hiyo nguo za Rehema hazikauki. Kwa vyungu, tumieni vya Wakisi wa Ikombe vinavyouzwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Bwana harusi anaweza kuwa mtoto wa mtu aliyekwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, kabla serikali haijasimamisha uandikishaji huo baada ya Uhuru. Baba mkwe aliyerudi na santuri na kofia ni mhusika aliyekamilika.

Ila jambo la kwanza la kujua ni kwamba kimila mwiko mzito ulikuwa kati ya mkamwana na *baba* mkwe. Mkamwana alimkwepa mzee njiani, hakumtazama, hakutaja jina lake, na aliepuka hata maneno yanayofanana na jina hilo, akiyabadilisha kwa mengine. Lugha hiyo ya heshima inaitwa ingamwana. Mama mkwe ndiye mlinzi wake, na hapo vita vinaanza.

Kwa igizo la Kiswahili inatafsirika vizuri sana. Tuseme baba mkwe ni Mzee Kapange. Rehema amekatazwa kila chenye "pang". Hawezi kusema panga, pangusa, wala panga vyombo. Mama mkwe, kwa makusudi, anampa kazi za kupangusa tu. "Umefanya nini mezani?" "Nimeondoa vumbi, mama." "Kwa nini migomba haijakatwa?" "Kile cha... kile kirefu, chenye makali, cha kukatia, hakionekani." Kisha mpangaji anakuja kuuliza chumba. Andikeni orodha ya maneno kumi, muyatawanye, la kumi limponyoke Rehema wakati wa furaha. Jina liwe la kubuni. Kila kijiji kina mzee mwenye jina linalofaa, na hatacheka.

Msiige ingamwana kama ujinga wa wazee. Ni ufundi wa lugha, na Rehema akiumudu ndio ushindi wake mkubwa.

Mama mkwe achezwe na mwanaume aliyevaa kanga?

Hapana. Watacheka dakika tano za kwanza kwa sababu ya masharubu, halafu tukio la kanga halitamgusa mtu.

Ulanzi unaingia?

Unaingia kama hadithi ni ya masika. Ulanzi unagemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili au Mei: ncha inakatwa, mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia) inafungwa, na kidonda kinachongwa upya asubuhi na jioni. Rehema akinywa ulanzi mbichi mwezi Agosti, kila mtu wa Iringa na Njombe atajua mwandishi hajui kitu. Ukigemwa leo ni mtamu, ukilala unakuwa mkali, na mgeni hajui tofauti. Anaomba kikombe cha tatu cha "juisi", kisha, mara hiyo moja tu katika igizo zima, anamwita mama mkwe "shoga yangu". Kwa waigizaji tumieni maji yenye vijiko viwili vya maziwa kwa lita.

Ni vitu gani vinavyoua enzi?

Treni, kwanza kabisa. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970 na ikakabidhiwa 1976. Isitoshe, inapita Makambako na Mbeya, haifiki Iringa mjini. Rehema wa 1968 anakuja kwa basi, anapanda Kitonga, vumbi mpaka kwenye kope, na barabarani wanapishana na malori ya mafuta yanayokwenda Zambia. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara mpaka miaka ya 1990. Chama ni TANU, kwa sababu CCM ilizaliwa Februari 1977. Sheria ya Ndoa ni ya 1971, basi balozi asiitaje. "Mambo? Poa" haijafika. Hakuna kitchen party, hakuna send-off, hakuna dumu la njano, hakuna kiti cha plastiki. Wekeni debe, chemli, koroboi, sanduku la bati, kikombe cha bati kilichobanduka rangi, na kikapu cha milulu.

Chungu kinavunjika kila onyesho. Tununue vingapi?

Viwili. Kimoja kizima cha kutumia. Cha pili kivunjeni wenyewe kwa kukigonga ndani ya gunia, kisha kiungeni kwa uji mzito wa unga wa ngano, kikauke usiku kucha. Kikianguka kwenye mkeka kinaachana palepale kilipoungwa, vipande haviruki, na mnakiunga tena. Kisitiwe maji. Mkikiunga kwa gundi ya kweli hakitavunjika, na mama mkwe atabaki anakipigapiga mbele za watu.

Watu wakicheka, mwigizaji aendelee au asubiri?

Asubiri, lakini asisimame kama mlingoti. Ampe mkono kazi: apepete, afute jasho, apange kuni. Kicheko kinapanda, kinafika kileleni, kinaanza kushuka. Ingieni kikiwa kimeshuka nusu. Mkingoja kimya kabisa mmepoteza mwendo, na mkiingia kileleni sentensi imemezwa. Wasipocheka, msirudie kwa sauti kubwa zaidi. Kisa cha telegramu kinaweza kupita kimyakimya siku nyingine, na bado "hii hapa" ikalipuka.

Tukitaka kushuti, wapi na lini, na vibali?

Juni hadi Oktoba hakuna mvua kubwa. Juni na Julai baridi inafanya pumzi ionekane asubuhi, picha nzuri kwa tukio la alfajiri. Milima ya Rungwe huwa na ukungu asubuhi, basi pangeni matukio ya ndani kwanza. Jua la saa sita linatia vivuli vyeusi machoni. Shutini kabla ya saa nne au baada ya saa tisa na nusu. Majengo ya enzi za Wajerumani yaliyopo Iringa mjini yanafaa kwa posta na ofisi, ila chungeni nyaya, madishi na minara.

Kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Anzeni kwa afisa utamaduni wa wilaya, atawaonyesha njia. Muziki wa bendi za miaka ile bado una wenyewe, hivyo ulizeni COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, kabla ya kuuweka. Njia rahisi ni mtu wa kupiga gitaa kavu arekodi kitu kipya chenye mwendo wa rumba.

Tukio la mwisho mama mkwe anamletea Rehema mbuzi wa kweli. Tutumie mbuzi hai?

Mkiweza, ndiyo, hakuna kifaa kinachomfikia. Tafuteni jike dogo lililozoea watoto, mlilete kwenye mazoezi angalau mara tatu, lizoee taa na makofi. Kamba iwe fupi, mita moja na nusu. Kanga na telegramu viwekwe mbali, atavila. Mbuzi akiwa peke yake hupiga kelele na kugoma kutembea, kwa hiyo mfungeni mwenzake nyuma ya pazia upande anaotakiwa kutokea. Zamu yake ikiisha atamvuta mama mkwe kwenda huko mwenyewe, kwa nguvu kuliko mnavyodhani, basi mwigizaji avae viatu visivyoteleza. Mlisheni saa mbili kabla, si dakika kumi kabla. Na tangu onyesho la kwanza wifi aingie tukio hilo akiwa na ufagio mkononi, kama sehemu ya igizo.